Reli Ipitayo Chini ya Mji wa London

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya reli ipitayo chini ya ardhi katika mji wa London, na jinsi nilivyoipanda mara ya kwanza. Sikuichagua habari hii ili kujionyesha kwamba nimefika mbali, la. Nimeichagua kwa sababu asubuhi ile nilipotea, na kupotea kwangu kulikaribia kunikosesha jambo ambalo kama ningalilikosa ningalijuta hata leo. Huenda miongoni mwenu yuko atakayesafiri mwakani kwenda kutibiwa, au kusoma, au kuwatazama jamaa zake, na maneno haya yakamfaa.

Ilikuwa mwaka 2016. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alikuwa amekwenda London kukaa na mwanawe, na alipokuwa huko akashikwa na maradhi ya moyo. Waganga wakamtazama, wakanena kwamba hapana budi apasuliwe. Habari hiyo ikanifikia nyumbani Tanga. Nikakusanya nilichonacho, nikakopa nisichonacho, nikafunga safari. Nikafika London siku moja tu kabla ya siku iliyowekwa.

Jioni ile mpwa wangu akanichukua kwa motokaa mpaka hospitali. Nikamkuta dada yangu amelala, amepungua mwili, lakini maneno yake ni yale yale. Wakati wa kuagana akanishika mkono, akaniambia, “Mdogo wangu, kesho kabla hawajanitia katika usingizi wao, nataka nikuone. Huyu nimemzaa, lakini wewe ndiwe unijuaye tangu utoto.” Nikamwahidi kwamba nitakuja. Bibi muuguzi akatuarifu kwamba mgonjwa atapelekwa kupasuliwa saa mbili kamili asubuhi, na kwamba baada ya saa moja na nusu hakuna mgeni atakayeruhusiwa kuingia.

Mpwa wangu akakata shauri kulala pale pale kitini, karibu na mama yake. Mimi nikapelekwa na rafiki yake kulala nyumbani kwao, katika mtaa wa Tooting, ulio kusini ya mji. Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa kaskazini, karibu na stesheni iitwayo Belsize Park. Kati ya mahali hapo pawili upo mji mzima wa London, na mto wa Thames umepita katikati. Kwenda kwa motokaa asubuhi, wakati watu wote wanapokwenda kazini, ni kama kubahatisha. Kwa reli ya chini mwendo huo hautimizi saa moja.

Kabla sijaondoka mpwa wangu akanitoa nje ya chumba, akanipa kadi ya kusafiria, akaniusia hivi: “Mjomba, shika njia nyeusi iendayo kaskazini, ushuke Belsize Park. Lakini tahadhari, maana njia hiyo hugawanyika. Panda gari lililoandikwa Edgware. Usipande lililoandikwa High Barnet.” Mimi nikacheka. Nikamwambia, “Mwanangu, nimesafiri kwa Reli ya Kati tangu Dar es Salaam hata Kigoma. Nimevuka kwenda Pemba kwa jahazi wakati wa kusi. Leo treni ya mjini itanishinda?” Nikatoa karatasi, nikaandika maneno mawili tu: “Nyeusi. Belsize Park.” Lile neno la tatu sikuliandika.

Wasikilizaji, kabla sijaendelea mbele yafaa niwaeleze reli hii ni kitu gani na ilitokeaje, maana mtu akiambiwa kwamba gari la reli linapita chini ya nyumba za watu, huona ni kama hadithi za majini.

Zamani, katika karne ya kumi na tisa, reli za moshi zilifika London kutoka pande zote za Uingereza, lakini nyingi ziliishia pembeni ya mji. Abiria wakishuka pale waliingia katika magari ya farasi, na njia za mjini zikajaa hata mtu aendaye kwa miguu humpita aendaye kwa gari. Palikuwa na wakili mmoja wa baraza la mji, jina lake Charles Pearson. Huyu kwa miaka mingi aliwashauri wakubwa kwamba kama juu hapana nafasi, basi reli na ipite chini. Wengine walimcheka. Mwisho shauri lake lilikubaliwa, lakini yeye mwenyewe hakuijaliwa kuipanda, kwa kuwa alifariki mwezi wa Septemba 1862, na reli ilifunguliwa kwa abiria tarehe 10 Januari 1863. Ilitoka Paddington mpaka Farringdon, mwendo wa karibu maili nne, na siku ile ya kwanza walisafiri watu zaidi ya 30,000. Ndiyo reli ya kwanza ya namna hiyo duniani.

Namna ya kuijenga ilikuwa hivi. Walichimba handaki kubwa kufuata barabara, wakajenga kuta za matofali pande mbili, wakaweka paa, kisha wakaifukia na kuirudisha barabara juu yake. Magari yenyewe yalivutwa na mitambo ya moshi. Fikirini, ndugu zangu, jiko la makaa linalowaka ndani ya shimo! Abiria walikohoa, macho yakawatoka machozi, na hata hivyo walipanda kila siku, kwa kuwa waliwahi kufika.

Baadaye wahandisi walitaka kwenda chini zaidi, wasiwe na haja ya kuvunja barabara. Ardhi ya London ina udongo wa mfinyanzi mzito, na udongo huo hutoboleka vizuri. Kabla ya hapo mhandisi Marc Brunel na mwanawe Isambard walikuwa wamekwisha kutoboa njia chini ya mto wa Thames. Walianza mwaka 1825, na baada ya mafuriko na misiba mingi wakaifungua mwaka 1843. Inasemekana kwamba Brunel alipata fikira yake kwa kumwangalia mdudu yule atoboaye mbao za jahazi. Nyinyi wa pwani mwamjua mdudu huyo kwa hasara aliyowatia. Mdudu hutoboa huku kichwa chake kimekingwa kwa gamba gumu, na nyuma yake hulipaka tundu lisibomoke. Brunel akatengeneza ngao kubwa ya chuma, wachimbaji wakasimama ndani yake, ngao ikasukumwa mbele kidogo kidogo, na nyuma yake waashi wakajenga kuta. Mhandisi mwingine, James Henry Greathead, akaitumia ngao ya namna hiyo kuchimba mahandaki ya mviringo, na mwaka 1890 ikafunguliwa reli ya chini kabisa iendeshwayo kwa umeme, kutoka Stockwell hata katikati ya mji. Mabehewa yake ya kwanza yalikuwa na madirisha madogo mno, kwa kuwa walisema, huko chini abiria atatazama nini?

Leo reli hiyo ina njia 11, stesheni 272, na urefu wa kilometa 400 hivi. Na jambo la kustaajabisha ni hili, kwamba ijapokuwa yaitwa reli ya chini ya ardhi, zaidi ya nusu ya urefu wake imo juu, chini ya jua na mvua kama reli nyingine. Kila njia ina jina lake na rangi yake. Iko nyekundu, iko kijani, iko ya manjano, iko ya kahawia. Nyeusi ndiyo niliyoambiwa niishike, na kipande kimoja cha njia hiyo ndicho kile kile kilichochimbwa kwa ngao ya Greathead.

Sasa narudi katika safari yangu.

Niliamka alfajiri, nikasali, nikanywa chai, nikatoka. Saa kumi na mbili na robo nikawa mbele ya stesheni ya Tooting Broadway, ambapo imesimama sanamu ya mfalme Edward wa Saba. Nikaingia na watu wengi. Palikuwa na malango madogo yaliyofungwa, na kila lango lina kidude chenye duara la manjano. Nikawatazama wenzangu, nikaona kila mmoja huigusisha kadi yake pale, lango likafunguka, naye akapita. Nikagusisha yangu, likafunguka. Nikajiona mwenyeji.

Mbele yangu nikaona ngazi zinazokwenda zenyewe. Vidato vinatoka ardhini, vinashuka na watu juu yake, kisha vinazama tena chini, wala havisimami. Nikaingia kwa kulenga kama mtu arukaye kutoka gatini kuingia mashuani, nikasimama upande wa kushoto. Mara nikasikia nyuma yangu mtu akisema kwa upole, “Samahani.” Nikageuka nikaona safu ya watu wamezuiliwa nami. Kumbe pale ni kanuni: asimamaye husimama upande wa kuume, na upande wa kushoto huachiwa wenye haraka washuke kwa miguu. Nikahamia kuume, nikaona haya kidogo.

Chini nikakuta jukwaa refu, na mbele yake handaki la mviringo, jeusi kama mdomo wa kisima. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha nikapigwa na upepo usoni. Nikashangaa upepo watoka wapi mahali pasipo mbingu. Sababu yake ni kwamba gari hujaza handaki karibu lote, nalo likija huusukuma upepo mbele yake, kama mtu asukumavyo maji katika bomba la mwanzi. Basi huo upepo ndio tarishi wa gari. Mara zikaonekana taa mbili, ikaja ngurumo, gari likasimama, milango ikafunguka yenyewe. Watu wakangoja wanaoshuka washuke kwanza, kisha wakaingia. Nami nikaingia. Juu ya jukwaa palikuwa na ubao wenye maandishi ya taa, na gari lenyewe lina jina lake mbele, lakini mimi nilikwisha kuona rangi nyeusi, na nilikuwa na uhakika kwamba linakwenda kaskazini, sikuona haja ya kusoma zaidi.

Ndani ya behewa nikastaajabia kimya. Watu wamekaa bega kwa bega, wengine wamesimama uso kwa uso, na hakuna amwambiaye mwenziwe hata “Habari za asubuhi.” Huyu anasoma gazeti, huyu ametia vijinyuzi masikioni asikilize muziki, huyu amefumba macho. Kwetu sisi watu wakikaa hivi, basi pana ugomvi au pana msiba. Nikasema moyoni, watu hawa wana mioyo migumu. Neno hilo nililisema upesi mno, kama mtakavyosikia.

Tukapita Balham, tukapita Clapham South. Siku ile yalikuwa kwangu majina matupu, lakini baadaye nilijifunza habari zake. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mji ulipopigwa mabomu kutoka angani usiku kwa usiku, maelfu ya watu walishuka na mablanketi yao kulala katika majukwaa ya reli hii. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1940 bomu lilianguka barabarani juu ya stesheni ya Balham, maji na mchanga vikamwagika ndani, wakafa watu zaidi ya 60. Na huko Clapham South yalichimbwa mahandaki mengine ya kujificha, chini zaidi ya reli. Vita vilipokwisha, mwaka 1948, watu zaidi ya 200 waliotoka Jamaika na visiwa jirani kwa meli ya Windrush kuja kutafuta kazi, wakiwa hawana pa kulala, walilazwa mle. Basi mashimo yale yamewahifadhi wenyeji na wageni.

Tukafika London Bridge, kisha Bank, na kati ya stesheni hizo mbili tulipita chini ya mto wa Thames wala sikuhisi chochote. Nikahesabu stesheni, nikatazama saa yangu, nikaona ninao wakati wa kutosha. Tukafika Camden Town. Sauti ikanena maneno mengi, watu wengi wakashuka, nami nikapata kiti, nikakaa kwa raha.

Gari likaondoka. Stesheni iliyofuata ikawa Kentish Town. Nikatazama ramani iliyo juu ya mlango. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo ningaliliona mapema kama ningalikuwa na unyenyekevu. Mstari mweusi ukifika Camden Town hugawanyika kama panda ya mti. Tawi moja laenda Edgware, na juu yake limeandikwa Chalk Farm, halafu Belsize Park. Tawi la pili laenda High Barnet, na la kwanza juu yake ni Kentish Town. Nikakumbuka maneno ya mpwa wangu, kila neno mahali pake. Moyo ukanishuka. Kabla sijasimama milango ikafungwa. Tukafika Tufnell Park, nikasitasita, milango ikafungwa tena. Tulipofika Archway nikaruka nje. Saa yangu ilionyesha saa moja kamili. Imebaki nusu saa.

Nikatoa simu yangu ya mkononi nimpigie mpwa wangu. Haikulia, kwa sababu wakati ule simu hazikupata mawasiliano mle chini. Nikasimama ukutani. Watu wakapita mbele yangu kama maji ya bamvua, na kila mmoja ajua aendako. Sasa nitawaambieni kweli, wasikilizaji, japo ni aibu. Haikuwa njia iliyonizuia pale, maana njia ilikuwa hatua chache tu. Iliyonizuia ni fahari. Mimi mzee mwenye mvi, niliyefundisha watoto shule miaka thelathini, nimwendee kijana nimwambie kwamba sijui nilipo? Hata nikaona heri nikisie mwenyewe. Kisha nikakumbuka mkono wa dada yangu ulivyonishika, jinsi ulivyokuwa mwepesi. Nikaona kwamba nikikisia tena na kukosea, huenda nisiushike mkono ule ukiwa hai.

Nikamwendea kijana mmoja aliyeshuka nami, yule yule mwenye vijinyuzi masikioni, ambaye nilikwisha mhukumu kwamba moyo wake ni mgumu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, “Bwana, tafadhali, nimepotea. Nataka kufika Belsize Park, ndugu yangu yu hospitali.” Akavitoa vijinyuzi vyake upesi. Hakunicheka. Akaitwaa karatasi yangu, akaandika chini ya maneno yangu: “Camden Town. Shuka. Fuata Edgware.” Kisha hakunionyesha kwa kidole tu, bali akaniongoza kupita kijia kifupi mpaka jukwaa la magari yarudiyo kusini, akasimama nami mpaka upepo ukaja na gari likafika. Milango ilipofungwa akaniinulia mkono. Sikumwuliza jina lake, wala sikumwona tena.

Camden Town nikashuka, nikamwonyesha karatasi mtumishi wa stesheni, akanielekeza jukwaa jingine. Safari hii nikausoma ubao. Uliandika “Edgware, dakika 2.” Katika maisha yangu nimengoja mambo mengi, lakini dakika mbili zile zilikuwa ndefu kuliko safari ya ndege. Gari lilipofika nikalisoma jina lake mbele, nikasikiliza sauti ilivyosema, na bado nikamwuliza bibi mmoja mlangoni, “Belsize Park?” Akaitikia kwa kichwa. Nikaingia. Ikaja Chalk Farm. Ikaja Belsize Park.

Mle hamna ngazi zinazokwenda zenyewe. Pana lifti, na kando yake ngazi za kuzunguka. Watu walikuwa wakiingoja lifti, nami kwa haraka nikashika ngazi. Mtumishi mmoja akaniambia, “Mzee, hizo ni vidato zaidi ya 200. Ngoja, lifti yaja.” Nikangoja, ikaja. Nikatoka nje katika hewa baridi, nikauliza njia kwa mtu wa kwanza niliyemwona, na safari hii sikuona haya hata kidogo. Nikafika mlango wa chumba cha dada yangu saa moja na dakika ishirini na tano.

Alikuwa amekwisha vikwa nguo za kupasuliwa. Akanitazama akaniambia, “Umechelewa.” Nikamjibu, “Dada, nilipotea.” Akatabasamu, akasema, “Kama siku ile ya Ngamiani.” Nikacheka na machozi yakanitoka. Maana nilipokuwa mtoto wa miaka saba, siku tulizohamia Tanga, alinituma dukani Barabara ya Tisa, nami nikazunguka mchana kutwa katika barabara zile zenye namba, nisimwulize mtu, mpaka yeye mwenyewe akaja kunitafuta. Akaniuliza, “Na leo je? Uliuliza?” Nikasema, “Leo niliuliza.” Akasema, “Basi umekua.” Tukakaa pamoja dakika tano. Tukamwomba Mungu. Kisha wakaja na kitanda cha magurudumu wakamchukua.

Ndugu zangu, alitoka salama. Nimelitaja hilo mapema kwa sababu najua mwangoja kulisikia.

Sasa niwape mausia machache, yamfae yeyote atakayekwenda.

La kwanza, kabla hujatoka, jua mambo matatu wala si mawili: rangi ya njia, upande iendako, na jina la mwisho wa safari ya gari lenyewe. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa njia moja huweza kuwa na matawi. Ukiona jina ubaoni si lile uliloambiwa, liache gari lipite. Mara nyingi jingine huja baada ya dakika chache.

La pili, ijue ramani, lakini usiiamini kupita kazi yake. Ramani ya reli ile ilichorwa na Bwana Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya umeme, ikatolewa kwa watu mwaka 1933. Yeye aliona kwamba aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua mto wapinda wapi au barabara yazunguka vipi. Haja yake ni kujua stesheni ipi yafuata ipi, na wapi atabadili gari. Basi akainyosha mistari yote, na nafasi kati ya stesheni akazilinganisha. Ramani hiyo ni nzuri sana kwa kupandia gari, lakini usiitumie kupimia mwendo wa miguu, maana stesheni mbili zilizo mbali katika karatasi huenda zikawa karibu sana juu ya ardhi.

La tatu, kadi yako igusishe uingiapo na utokapo pia. Usipoigusisha utokapo, mashine haitajua ulishuka wapi, nayo hukata nauli kubwa zaidi.

La nne, angalia hatua yako mlangoni. Baadhi ya majukwaa yamepinda, na gari lililonyoka likisimama pale hubaki mwanya unaoweza kuumeza mguu wa mtu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 sauti huwaonya abiria wajihadhari na mwanya huo. Wala usithubutu kushuka relini, hata kama kofia yako imeanguka. Reli za kawaida ni mbili, lakini pale ziko nne, na mbili kati yake zina umeme uuao.

La tano, na ndilo kubwa, uliza. Kuuliza si ujinga. Kimya cha watu wale nilikidhani ni chuki, kumbe ni adabu yao. Mahali penye msongamano kama ule, mtu hana nafasi ya kumpa mwenziwe ila hiyo moja, ya kumwachia fikira zake. Lakini mlango huo wa kimya haukutiwa kufuli. Ukibisha, hufunguliwa.

Yamebaki maneno machache. Baada ya miezi miwili dada yangu aliitwa tena hospitali atazamwe, na waganga wakafurahi. Wakati wa kurudi nikamwambia mpwa wangu, “Leo mama yako nitampeleka mimi.” Nikamsimamisha dada yangu upande wa kuume. Nikamwonyesha ubao, nikamsomea jina la gari. Nikamwambia, “Ngoja, utapigwa na upepo,” na upepo ukaja. Akaushika mtandio wake akanitazama kama anitazamavyo mtoto aliyefaulu shuleni. Tulipoondoka Bank nikamnong’oneza, “Dada, sasa tu chini ya mto.” Akanyamaza, akasoma dua polepole mpaka gari likasimama London Bridge. Kisha akanigeukia, akasema, “Wangalituambia haya siku za Ngamiani, nani angaliamini?”